Kwa Nini Injini Iliyofungwa Upya Huvuja Tena

Pikipiki nyingi zinazopanda na kushuka kati ya Masukulu na Tukuyu mjini huacha doa jeusi pale zinapoegeshwa. Dereva huliona asubuhi, hulifukia kwa kiatu, huongeza oili kidogo, kisha huyo njiani. Doa likikua, injini hupelekwa kwa fundi. Hufunguliwa, hupakwa gundi mpya, hufungwa. Wiki mbili tatu hazijaisha doa limerudi, pengine kubwa kuliko la kwanza. Hapo lawama huanza: gasketi ni feki, gundi ni ya bei ya chini, kiwanda chenyewe hakina maana.

Vyote hivyo vina mchango wake. Lakini ukiifuata kazi hii hatua kwa hatua, kinachokosekana mara nyingi kuliko kingine chochote ni muda: wa kutafuta oili inakotokea, wa kusafisha chuma, wa kuacha gundi ikauke. Nao unakosekana kwa sababu hakuna anayeulipia. Hiyo ndiyo hoja ya uchambuzi huu, na inaanzia ndani ya injini yenyewe kabla ya kufika kwenye mfuko wa mtu.

Wilaya ya Rungwe, zilimo Masukulu na Tukuyu, ni mahali pagumu kwa injini inayopozwa kwa upepo. Mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Nyasa, linakoishia mito ya upande huu, liko chini ya mita 500. Vijiji vilivyo katikati vinaishi kwa vilima. Pikipiki ya huku ndiyo lori la mkulima: hubeba mikungu ya ndizi, majani mabichi ya chai, madumu ya maziwa, maparachichi, mbolea, na juu ya hayo abiria wawili. Injini ni ya silinda moja, sentimita za ujazo 100 hadi 150, na haina feni wala rejeta. Inategemea upepo wa mwendo wake yenyewe. Ikipanda kilima kwa gia ya kwanza, mzigo nyuma, mkono wa mafuta umevutwa hadi mwisho, inazalisha joto kubwa kabisa huku ikipata upepo mdogo kabisa. Pikipiki hiyohiyo ikikimbia kwenye lami tambarare ya Kyela inaweza kuwa na nafuu kuliko ikipanda kilomita mbili za tope.

Joto hilo ndilo linalofanya kuvuja kwa injini ya aina hii kuwe na tabia yake. Aluminiamu yenye urefu wa milimita 100 ikiongezewa joto la nyuzi 100 hurefuka kwa takriban milimita 0.23. Feleji, ambayo bolti zimetengenezwa nayo, hurefuka kwa takriban 0.12, yaani nusu tu. Kwa hiyo kila injini inapopata moto, mwili wa aluminiamu hutanuka kuliko bolti zinazoushika, na kila inapopoa hurudi. Mahali pa muungo panabanwa, panalegea, panasuguana kidogo, mara nyingi kwa siku moja. Injini ya maji hukaa karibu na joto moja kwa sababu ya thamostati yake. Hii ya upepo hupanda na kushuka kufuatana na kilima, mzigo na mvua. Gasketi au gundi iliyo katikati lazima ivumilie mchezo huo kwa miaka.

Kampuni ya Porsche ililijua jambo hili kwa gharama kubwa. Gari lake la michezo la 911, lililoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1963, lilitumia injini ya silinda sita zilizolala, inayopozwa kwa feni na oili, na ukoo huo uliendelea hadi 1998. Kuanzia 1968 hadi 1977 injini nyingi za 911 zilijengwa kwa mwili wa magnesiamu ili kupunguza uzito. Magnesiamu hutanuka hata zaidi ya aluminiamu, kama milimita 0.26 kwa kipimo kile kile. Katika injini za lita 2.7 za katikati ya miaka ya 1970, stadi zinazoshika silinda ziling'oa nyuzi kutoka kwenye magnesiamu hiyo laini, muungo ukalegea, na oili na gesi vikapata njia. Mafundi waliziokoa kwa kupachika vikombe vya nyuzi za feleji ndani ya matundu. Mwaka 1978 mwili ukawa wa aluminiamu.

Magari yenye injini za aina hii si mageni Afrika Mashariki. Mashindano yaliyokuja kuitwa Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Volkswagen ya mgongo wa kobe, yenye injini ya upepo ya silinda nne, iliyashinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Porsche 911 ilishika nafasi ya pili mara tatu: Sobiesław Zasada mwaka 1972, Björn Waldegård mwaka 1974 na Vic Preston mdogo mwaka 1978. Ushindi wenyewe iliupata baadaye katika Safari ya magari ya zamani, Waldegård alipoibuka wa kwanza mwaka 2011. Nayataja kwa sababu moja. Wenye magari hayo, duniani kote, wamekaa miongo mingi wakipambana na oili inayotoroka kwenye miungo ya aluminiamu, na utaratibu waliofikia unaihusu pikipiki ya Masukulu moja kwa moja, kwani fizikia ni ile ile. Tofauti ni kwamba 911 hutembea na zaidi ya lita 10 za oili, sehemu kubwa ikiwa kwenye tangi lake la pembeni. Pikipiki ina lita moja.

Lita hiyo moja inafaa ipigiwe hesabu. Tone la oili lina kama mililita 0.05. Injini inayodondosha tone moja kila sekunde 10 hupoteza mililita 18 kwa saa. Kwa siku ya kazi ya saa 8 ni mililita 144, karibu sehemu moja ya saba ya oili yote. Siku tatu bila kuongeza, na karibu nusu imekwisha. Oili hiyo pia ndiyo inayobeba joto kutoka chini ya pistoni, hivyo ikipungua injini huzidi kuchemka, sili za mpira hukakamaa, na kuvuja huongezeka. Wakati wa kiangazi, vumbi hunasa kwenye mapezi yaliyolowa oili na kufanya ganda linalozuia upepo kugusa chuma. Kuvuja huzaa joto, na joto huzaa kuvuja. Kwa gari la lita 10 doa la sakafuni ni kero. Kwa pikipiki ya lita moja ni mwanzo wa kuua silinda.

Kazi ya kuzuia huanza kabla ya spana ya kwanza. Oili inayoonekana chini karibu kamwe haionyeshi mahali ilipotokea, kwa kuwa huteremka kwa uzito wake na husukumwa nyuma na upepo. Kifuniko cha pembeni kinacholowa chote kinaweza kuwa kizima kabisa, huku mwanya ukiwa juu kwenye tapeti kava au kwenye kitako cha silinda. Njia ya uhakika ni nyepesi na haihitaji mtambo: osha injini kwa dizeli au mafuta ya taa, kisha sabuni na maji, iache ikauke kabisa, halafu nyunyiza poda ya mtoto kwenye kila muungo unaoshukiwa. Washa, iache ipate moto, endesha kidogo. Oili itachora mstari kwenye poda, nawe utaufuata kwenda juu na mbele hadi unapoanzia. Nusu saa ya kazi hii huokoa injini nyingi zisifunguliwe bure. Wapo madereva waliobadilishiwa gasketi ya kifuniko cha klachi ilhali oili ilitoka kwenye oringi ndogo iliyo juu yake.

Baada ya hapo, na kabla ya kufungua, kuna swali ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote na ndilo linalorukwa zaidi: injini inapumua?

Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyo chini yake. Kwenye injini ya sentimita za ujazo 150, hewa ya kiasi hicho husukumwa kila mshuko, maelfu ya mara kwa dakika. Pamoja nayo kuna gesi inayopenya pembeni ya ringi kutoka kwenye chumba cha moto, na injini ya upepo hupenyeza zaidi kwa kuwa nafasi kati ya pistoni na silinda huachwa kubwa ili kukidhi utanukaji. Yote hayo yanatakiwa kutoka kupitia bomba dogo la pumzi, ambalo kwenye pikipiki nyingi huelekea kwenye boksi la kichujio cha hewa. Bomba hilo likizibwa na tope, likikunjwa wakati wa kufunga tangi, au nyigu akijenga ndani yake pikipiki ikiwa imelala, mgandamizo unabaki ndani ya injini na kutafuta mahali padhaifu. Sili na gasketi mpya haziwezi kuushinda. Zitavuja, na fundi atalaumiwa kwa kazi ambayo pengine aliifanya vizuri.

Ndiyo maana bomba la pumzi lisafishwe kwanza, kisha kuvuja kupimwe upya. Wakati mwingine kazi inaishia hapo. Kama kuvuja kumebaki, ufungue mfuniko wa kujazia oili injini ikiunguruma taratibu bila kuvutwa mafuta, kwa uangalifu maana inaweza kurusha oili ya moto, na uweke kiganja karibu. Msukumo mkali unaofuatana na moshi unasema ringi au silinda zimekwisha. Injini ya namna hiyo hata ikifungwa na fundi bora wa nchi itavuja tena, na mwenye chombo anastahili kuambiwa hivyo kabla hajatoa hela ya gasketi. Kuna pia kosa la kujaza oili kupita alama ili "isiishe haraka". Krenki huipiga, povu linajaa, mgandamizo unapanda, na oili iliyozidishwa ndiyo inayotoka. Hata 911 ina ugonjwa huu: oili yake hupimwa injini ikiwa ya moto na inaunguruma, na anayeipima ikiwa baridi kisha akajazia, hukuta ziada imetapikwa kwenye kichujio cha hewa.

Sasa kufungua. Adui hapa ni bisibisi. Kifuniko kikigoma kuachia, mkono wa haraka huchomeka bisibisi kwenye mstari wa muungo na kukikwanyua. Aluminiamu ni laini, na kovu linalobaki hapo ni mfereji. Fundi ataujaza gundi, gundi itashika kwa muda, kisha utanukaji wa kila siku utaibandua. Viwanda huweka masikio au vishikio kwenye kingo za vifuniko ili vigongwe kwa nyundo ya mti au ya mpira bila kugusa uso wa muungo. Kama haviachii, mara nyingi kuna bolti moja iliyosahaulika. Itafutwe.

Kusafisha ndiko kunakoamua kama injini itavuja, na ndiko kunakopewa dakika chache kuliko hatua nyingine yoyote. Gasketi ya zamani na gundi iliyokauka vitolewe hadi chuma kionekane kitupu, kwa kikwaruzo cha plastiki au cha mti mgumu, vikilainishwa kwa petroli au dawa ya kuondolea rangi. Msasa mkali wa kushika mkononi huchimba mabonde. Ukilazimika kutumia msasa, uwe laini, ulazwe juu ya kioo kinene kilichonyooka, na kifuniko kisuguliwe juu yake kwa mwendo wa nane, bila kukandamiza. Kioo hicho hicho ni chombo cha kupimia. Paka uso wa kifuniko rangi ya kalamu, sugua mara mbili tatu, na palipobaki na rangi ndipo palipobonyea. Kuzunguka matundu ya bolti mara nyingi utakuta chuma kimeinuka kama kilima kidogo, dalili ya bolti iliyokazwa kupita kiasi siku za nyuma. Kilima hicho huzuia nyuso mbili zisikutane. Kikatwe kwa ncha ya drili kubwa inayozungushwa kwa mkono, kidogo tu.

Matundu yasiyotokea upande wa pili yasafishwe hadi chini. Oili au gundi ikibaki ndani ya tundu, bolti inapoingia haina pa kuipeleka, na mgandamizo huo unaweza kupasua aluminiamu. Usafi wa mwisho hufanywa kwa petroli safi au spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, na baada ya hapo uso usiguswe kwa vidole. Huku Rungwe kuna jambo la kuongeza. Asubuhi za ukungu chuma baridi hushika umande usioonekana, na gundi iliyopakwa juu ya umande haishiki chuma. Mahali pa kazi pawe na paa, na chuma kipashwe joto kidogo hadi kiwe kikavu kabisa.

Kuhusu gundi, mazoea yamekwenda kombo. Silikoni ya tyubu imekuwa dawa ya kila kitu, na inapakwa nene kwa imani kwamba nyingi ndiyo imara. Ziada yake haikai kwenye muungo. Nusu inabinuka nje, ambako inaonekana na kumridhisha mteja, na nusu inabinuka ndani, ambako hakuna anayeiona. Hiyo ya ndani ikikatika husafiri na oili hadi kwenye chujio la chini au kwenye tundu dogo linalopeleka oili juu kwenye kemshafti. Injini iliyokuwa inavuja sasa inasagika juu kwa ukame. Mafundi wanaofungua injini zilizofungwa na jirani zao wameona vipande hivyo, na wanajua ninachosema.

Kila muungo una kinachoufaa. Mahali palipotengenezwa kwa gasketi ya karatasi pawekewe gasketi ya karatasi yenye unene ule ule, kavu au kwa utando mwembamba tu. Unene ni kipimo cha injini. Gasketi ya kitako cha silinda ikikatwa kutoka kwenye boksi la katoni, inanyanyua silinda nzima na kubadili mgandamizo wa moto. Kwenye 911 pete za shaba za mahali hapo ni za milimita 0.25, na huchaguliwa kwa kupima. Mahali ambapo chuma hukutana na chuma bila karatasi, kama nusu mbili za krenkesi kwenye injini nyingi, panafaa gundi ya aina inayokauka ikikosa hewa. Hiyo inaganda pale tu inapobanwa kati ya vyuma, na inayobinuka ndani hubaki majimaji na kuoshwa na oili bila madhara. Haizibi makovu, hivyo inamlazimisha fundi kusafisha kweli. Silikoni ina nafasi yake kwenye pembe ambako vipande vitatu hukutana, na kwenye vifuniko vya bati. Isipakwe mahali penye petroli, kwani huvimba na kulegea.

Silikoni hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Rungwe haijawahi kukosa unyevu. Hata hivyo inahitaji siku nzima kuiva, na baridi huichelewesha. Ngozi ya juu hujifunga ndani ya dakika chache, na ngozi hiyo ndiyo inayodanganya. Oili ikimiminwa jioni ile ile na injini ikawashwa, mgandamizo unatoboa njia ndani ya gundi mbichi, na njia hiyo haizibi tena.

Kukaza kunahitaji kipimo, na mafundi wengi hawana spana ya kupimia nguvu kwa sababu bei yake ni kubwa. Lakini hesabu yake inaweza kufanywa kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano inayopimia maharage na samaki. Bolti nyembamba za milimita 6 zinazoshika vifuniko huhitaji kama Nyutoni-mita 10. Ukivuta spana yenye mkono wa sentimita 20 kwa mizani iliyonasa mwishoni, ukivuta kwa pembe mraba, kilo 5 zinatoa karibu nguvu hiyo kamili. Kilo 10 kwa mkono huo huo ni karibu Nyutoni-mita 20, jirani na zinazohitajika kwenye nati nyingi za milimita 8, ingawa kitabu cha injini husika ndicho chenye neno la mwisho. Mtu mzima akivuta bila kufikiri huweka kilo 20 au 30. Hapo ndipo nyuzi za aluminiamu hulika, muungo ukapinda katikati ya bolti mbili, na oili ikapita kwenye upinde huo. Kukaza sana kumevujisha injini nyingi pengine kuliko kukaza kidogo. Bolti zikazwe kwa kuvuka, upande huu kisha ule, kwa awamu mbili au tatu. Injini ikishapata moto na kupoa kabisa, zipimwe tena, ikiwa ni aina ya muungo unaoruhusu hivyo.

Sili na oringi zina maneno machache. Mpira wa kawaida wa nitraili hukakamaa ukikaa muda mrefu kwenye nyuzi 100 hadi 120, na wa vitoni huhimili hadi nyuzi 200 hivi. Kwa injini inayopanda vilima tofauti ya bei inalipa, hasa sehemu zilizo karibu na silinda hedi. Sili isipigwe kwa nyundo upande mmoja. Isukumwe kwa bomba la kipenyo chake, ikae sawa, mdomo wake ukiwa umepakwa oili. Sili ya mahali sproketi ndogo inapokaa ndiyo inayokufa mapema zaidi huku kwetu, kwa sababu tope la mnyororo huisaga pamoja na shafti. Ukipitisha ukucha kwenye shafti na kuhisi mfereji, sili mpya pekee haitasaidia. Ikiwa kuna nafasi, ikalishwe milimita moja ndani au nje zaidi ili mdomo uguse chuma kisichochimbika.

Injini ya 911 inafundisha nidhamu moja zaidi hapa. Ina mabomba manne ya kurudishia oili yenye oringi kila ncha, kipoza oili chenye sili tatu, oringi chini ya nati za bolti ndefu zinazopenya mwili mzima, oringi kwenye beringi ya mbele ya krenki, na shafti za vikono vya vavu ambazo zenyewe zinaweza kupitisha oili. Nusu mbili za mwili wake hazina gasketi, na muungo huo ukivuja, hakuna namna ila kuisambaratisha injini yote. Kwa hiyo anayeifungua hadi hapo hubadilisha kila mpira ulio ndani, uliokuwa unavuja na uliokuwa haujavuja. Kwa pikipiki kanuni ni hiyo hiyo: krenkesi ikishagawanywa, sili zote za ndani zibadilishwe, maana bei yake ni ndogo mno kulinganisha na kazi ya kurudi tena.

Basi kwa nini haya hayafanyiki, wakati mengi yake yanahitaji kioo, poda na mizani tu? Jibu liko kwenye hesabu. Madereva wengi wa bodaboda huendesha chombo cha mtu, na jioni wanapeleka hesabu, yaani kiasi walichokubaliana. Wengine wako kwenye mkataba, wanalipa kidogo kidogo hadi pikipiki iwe yao. Kwa vyovyote vile, siku ambayo pikipiki iko kwa fundi ni siku ya deni. Dereva anamsimamia fundi kichwani, anataka chombo kabla ya jua kuzama. Fundi naye analipwa kwa kufungua na kufunga. Saa tatu za kusafisha nyuso hazimo kwenye bei, na saa 24 za gundi kuiva zinamfanya aonekane mzembe mbele ya jirani yake anayerudisha pikipiki ndani ya saa mbili. Mwenye chombo, ambaye ndiye mwenye mali inayoharibika, hayupo. Watu hawa watatu, kila mmoja akitetea siku yake, wanaafikiana bila kusema kwamba injini ivuje.

Mzigo wa kurekebisha hili, naamini, uko kwa mwenye chombo kabla ya fundi. Akisamehe hesabu ya siku mbili mara moja, anapoteza siku mbili. Asiposamehe, analipia pistoni, ringi na kuchonga silinda, na siku zinazopotea hapo ni nyingi zaidi. Fundi kwa upande wake ataje bei kwa mafungu mawili, kusafisha na kupima peke yake, kufunga peke yake, ili mteja aone anachonunua. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, yenye chuo chake Mbeya, imekuwa na utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunzia kazini. Fundi wa kijijini mwenye cheti hicho ana sauti zaidi anapomwambia mteja asubiri hadi kesho.

Kuna pia oili iliyokwisha kutoka. Inayomwagwa nyuma ya kibanda hushuka na mvua ya kwanza hadi kwenye vijito ambavyo watu wanateka maji, na pikipiki zinazooshwa mtoni hupeleka yake moja kwa moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 za kandokando ya vyanzo vya maji. Dumu lenye mfuniko linatosha kuanzia. Kuosha injini ya moto kwa maji baridi ya mto kunaiumiza pia: chuma husinyaa ghafla, miungo hushtuka, na maji yakinyonywa kupitia bomba la pumzi, oili hugeuka rangi ya maziwa.

Kwa Masukulu ratiba inayowezekana ipo tayari ndani ya wiki. Pikipiki iletwe Ijumaa jioni, ioshwe, ipakwe poda, ijulikane inavuja wapi. Jumamosi ifunguliwe, isafishwe, ifungwe kabla ya giza, bila oili ndani. Jumapili wengi wako kanisani na abiria wa kwenda Tukuyu ni wachache. Gundi ipewe siku hiyo. Oili iingie Jumatatu alfajiri, injini iwashwe dakika kumi, izimwe, itazamwe kwa tochi chini na pembeni, kisha dereva apokee ufunguo.